Kovu kwenye Reale ya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Nimeliona! Nimeangusha bisibisi ndani ya simu ya mteja.

Nilikuwa kibandani kwangu, Makole, kazi hakuna. Nikafungua picha za kipaimara cha jana. Mama mkwe kasimama katikati na reale yake shingoni. Ile dola ya fedha ya zamani, nzito, upande mmoja mama mnene mwenye ushungi, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili. Nikaivuta picha. Nikaivuta tena. Shingoni mwa yule mama wa kwenye fedha kuna mstari uliopinda. Si mkwaruzo huo. Ni bawa la tai!

Nieleze kidogo, maana siku moja shajara hii itasomwa na wajukuu zangu matajiri. Reale hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma, mmoja wa mama, mmoja wa tai. Ikitokea mashine ikapiga bila fedha katikati, mihuri inagongana yenyewe kwa yenyewe, na kila mmoja unaachiwa alama ya mwenzake. Kuanzia hapo kila reale inatoka na kivuli kisicho chake. Wakusanyaji wa fedha za zamani wanakiita kovu, na wanakililia. Mtu wa kawaida haoni kitu. Kwake reale zote ni moja, kwa sababu zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa juzi. Mimi siangalii mwaka. Naangalia lulu za bruchi, ile pini ya begani mwa mama, manyoya ya mkia wa tai, na makovu. Haya nimejifunza kwenye grupu la Watsapu, saa za kazi.

Nimemtumia picha Abbasi, mnunuzi wa Dar es Salaam. Huyu kwa kawaida hujibu baada ya wiki, tena kwa alama ya kidole gumba. Leo kapiga simu! Anasema picha ina ukungu, lakini kama kovu ni la kweli, siku ya kutajiwa bei niwe nimekaa. Anataka picha ya karibu.

Ya karibu. Ya mama mkwe! Mimi ni Mgogo, nina akili timamu. Mkwe hasogelewi. Ukikutana naye njiani unaingia kwenye miiba. Tangu nimwoe binti yake sijamtazama usoni hata mara moja, namjua kwa sauti na visigino. Hata hii picha nimeiangalia kuanzia shingo kwenda chini, nikajiona nimefanya kosa.

Jumanne, 3 Juni

Nimejaribu kupitia kwa mke wangu, Ruthu. Nikamwambia kwa upole kwamba uzi wa reale ya mama umechakaa, aiombe, nitaibadilishia uzi bure.

Akaweka mwiko chini. Akaniambia mama haivui, hajawahi kuivua, ataivua mara moja tu, Jumapili hii, baada ya ibada. Atamvisha binti mmoja mbele ya ukoo. Huyo ndiye atakayekaa nafasi ya mama. Kesi za ndugu zitakwenda kwake, mahari zitapangwa mbele yake. Nilikuwa sijui. Labda niliambiwa nikawa nahesabu lulu.

Kisha akanionyesha gauni alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Kola ameikata chini ili reale ikae vizuri. Alikuwa analipapasa pale kwenye kola, hacheki. Ruthu ni mtu wa kucheka. Akasema, "Baba Yudith, maisha yangu yote sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Nakuomba mpaka Jumapili usifanye jambo. Jambo lolote."

Nimeahidi. Nimeahidi kwa moyo wote, kabisa.

Lakini hebu tufikiri. Mabinti ni wawili, Ruthu na mdogo wake Flaviana. Flaviana kaolewa na Deusdedit, ofisa wa wizara kule Mtumba, mtu wa kuvaa kitambulisho shingoni hata msibani. Huyu kamjengea mama nyumba ya bati. Kamnunulia tangi la maji. Mimi nimemtengenezea mama simu ya tochi, ikawa haizimi tochi. Hatari ipo. Reale ikienda Mtumba nimekwisha. Ikija kwetu, Jumatatu nitamshawishi Ruthu tuiuze kwa manufaa ya familia. Kabla ya hapo lazima nijue kovu ni la kweli, nisije nikagombana na mke kwa ajili ya mkwaruzo. Kujua si kufanya jambo. Kesho nakwenda Kibaigwa, kwa mama mkwe.

Jumatano, 4 Juni

Naandika nikiwa na mguu mmoja ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Asubuhi nilimuaga Ruthu kwamba madalali wa mahindi Kibaigwa wana simu nyingi mbovu. Kwa mama mkwe ni mwendo mfupi kutoka sokoni. Mpango: kumkuta Matonya, kaka yake Ruthu, kupiga soga naye uani, na simu yangu ifanye kazi yake kwa mbali. Matonya hayupo! Kaenda kupakia magunia. Mama mkwe yuko peke yake uani, anapepeta uwele, kanipa ubavu. Reale inacheza kifuani kila ungo unaporuka.

Mtu mwenye busara angegeuka. Mimi niliona tembe.

Nyumba ya bati ya Deusdedit mama anawekea kuku. Mwenyewe analala kwenye tembe lake la zamani, paa la udongo, tambarare, limeanikwa mahindi. Nikalizunguka kwa nyuma, nikapanda. Nikalala kifudifudi katikati ya mahindi kama gunzi. Kutoka pale juu nilikuwa namwona vizuri, yaani naiona reale. Usoni sikutazama. Adabu ninayo.

Upepo wa Juni ukapuliza, reale ikageuka upande wa mama mnene, jua likaipiga. Nikavuta picha mpaka mwisho wa uwezo wa simu. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Kwenye kioo nikaliona bawa, limeinuka wazi! Mkwaruzo huzama, kovu la kugongana kwa mihuri huinuka. Hili limeinuka! Nikapiga goti moja kwa furaha.

Paa halikupenda. Mguu wa kushoto ukazama hadi kwenye paja. Chini yangu nikasikia udongo ukimiminika juu ya kitu laini. Kitanda! Mguu wangu unaning'inia ndani ya chumba anacholala mama mkwe. Hakuna Mgogo aliyewahi kufika huko akiwa hai, nadhani. Mama akauliza kwa sauti, "Nani huyo?" Sikujibu. Nikauvuta mguu, nikateleza kwa nyuma, nikakimbia katikati ya mabua mpaka barabara ya lami.

Pale ndipo nilipoangalia miguu. Kulia kuna sendozi. Kushoto hakuna.

Alhamisi, 5 Juni

Siku mbaya sana.

Grupu la familia linaitwa Ukoo wa Bibi Anyesi, na picha ya grupu ni mama mkwe mwenyewe na reale yake. Alfajiri tu, Matonya kaweka picha. Kitanda, rundo la udongo, na juu ya rundo sendozi yangu imekaa kama bwana mkubwa. Ameandika kwamba mwizi katumbukia kwa mama mchana kweupe, akakimbia, akaacha hiki.

Vilio. Maombi. Flaviana kaandika zaburi nzima. Deusdedit kaandika kama waraka: anaelekeza kielelezo kihifadhiwe, kisiguswe kiholela, suala lishughulikiwe kwa weledi, na Jumapili atakuja na rafiki yake mpelelezi. Mpelelezi! Mimi nikaandika, "Poleni sana. Mama hakuumia? Dunia imeharibika." Nilifikiri vizuri kabla ya kuweka ile "dunia imeharibika". Nadhani ilisaidia.

Tatizo ni waya. Kamba ya sendozi ile ilikatika mwezi uliopita nikaishona kwa waya mweupe wa chaja. Fundi mwingine angeona ni ubunifu. Leo naona ni saini.

Ruthu aliitazama ile picha muda mrefu, akiwa kasimama mlangoni. Kisha akatazama miguu yangu. Nilikuwa peku. Akauliza sendozi ziko wapi. Nikasema kibandani. Akauliza zote mbili. Nikasema kwa nini nibebe moja? Akaenda kulikunja gauni lake upya, ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri tu.

Mchana nimenunua sendozi nyingine zinazofanana. Zilizobaki zilikuwa za namba ndogo. Nimezivaa. Vidole vimetoka mbele vyote, natembea kama kuku aliyekanyaga makaa. Ruthu hajasema kitu, na ndicho kinachonitisha. Naogopa kweli. Si mpelelezi ninayemwogopa.

Ijumaa, 6 Juni

Mkono wangu usiandike tena kitu chochote duniani.

Abbasi alinisumbua tangu asubuhi: picha iko wapi, picha iko wapi. Na grupu la ukoo linalia kila dakika, Deusdedit anauliza maswali, nani alionekana Kibaigwa Jumatano, nani ana mguu wa namba hiyo. Nilikuwa naruka kutoka huku kwenda kule, huku najibu kama mkwe mwema, kule najibu kama mfanyabiashara. Mteja naye kasimama mbele yangu anataka kioo chake.

Nikachagua picha safi kuliko zote. Kifua cha mama mkwe chote kimejaa kwenye kioo, reale katikati. Nikaandika chini yake: "Kovu hilo hapo, limeinuka. Nimempata vizuri kutoka juu, hakujua. Taja bei." Nikatuma.

Abbasi hakupiga simu. Nikaangalia nimetuma wapi.

Ukoo wa Bibi Anyesi!

Nikaifuta haraka. Simu ikaniuliza nifute kwangu tu au kwa wote, kidole kikagusa cha kwanza kilichokiona. Picha ikapotea, hata ile ya kwenye kamera. Nikashukuru Mungu, nikafuta jasho, nikamwambia mteja leo namtengenezea kwa nusu bei. Kisha nikagundua kwamba imepotea kwangu tu. Wao wote wanayo. Mimi peke yangu ndiye sina!

Grupu lilinyamaza. Nimewahi kuona grupu hili likinyamaza siku ya kuchangia bati za kanisa tu. Kisha Matonya akaandika, "Kutoka juu wapi?" Deusdedit akaweka ile picha ya sendozi tena, bila neno, chini ya picha ya kifua cha mama. Sijawahi kumchukia mtu namna hii, na hakuwa amesema uongo hata mmoja.

Nimefika nyumbani nikamkuta Ruthu kakaa kitandani na simu mapajani. Hakupiga kelele. Alisema kwamba kwao kesi za ndugu zote huishia kwa mwenye reale, na sasa kesi ya kwanza ni ya mume wake, na nani atampa mwanamke kama huyo ukoo auongoze? Kisha akalia. Nilitaka kumshika bega akalitoa. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka, na aibu hii haikuwa na mpango wowote ndani yake. Nimeandika ili nisije nikasahau.

Jumamosi, 7 Juni

Nimepewa taarifa na Matonya kwa simu. Alinisalimia "Mbukwa" kwa sauti ya hakimu. Mpelelezi hatakuja, jambo limekuwa la ndani. Faini ni kondoo mmoja jike asiye na doa, na paa la mama nilizibe mwenyewe, kwa udongo wa kukanyaga kwa miguu. Nikauliza kuhusu reale. Akasema hilo ni la mama, wala tusimsemee.

Nimepata kondoo Mnadani. Ana doa dogo nyuma ya sikio. Nimelipaka unga.

Ruthu anasali tangu asubuhi. Gauni halijulikani kama litavaliwa. Nimemwambia nitakwenda kumwambia mama mkwe kwamba kosa ni langu, yeye hakujua. Akanijibu kwamba siwezi kumwambia chochote mama mkwe, hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Jumapili, 8 Juni

Ibada imeisha, tukaenda kwa mama. Nimekanyaga udongo na nguo za kanisani mbele ya ukoo mzima. Deusdedit alikaa kwenye kiti cha plastiki, kitambulisho shingoni, akinielekeza palipobaki ufa. Nimeziba shimo la mguu wangu. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa ukuta na khanga kichwani, na kila kitu kilipita kwa Matonya.

Kondoo akapokewa. Doa likaonekana. Wakacheka kidogo, na ndipo nilipoanza kupumua.

Kisha mama akaita mabinti zake. Flaviana alikuwa ameshanyoosha shingo. Nilimwona. Alikuwa na haki ya kuinyoosha, hana mume wa kwenye mapaa. Ruthu alivaa gauni lake, kola wazi, macho chini. Nilikuwa nimesimama nyuma ya zizi na matope hadi magotini, nikasema moyoni kwamba akipewa sitaiuza. Nilisema hivyo. Nilimaanisha, wakati ule.

Mama akaanza kwa Flaviana. Akamshukuru kwa nyumba, akamshukuru kwa tangi, akambariki, akampa ng'ombe mwenye ndama. Deusdedit akapiga makofi kisha akaona ni ng'ombe tu, makofi yakapungua. Kisha mama akakohoa. Nilisikia mbuzi wa jirani anatafuna. Ruthu alikuwa anapapasa kola yake, nilimwona kutoka kule nyuma.

Mama akasema, na safari hii hakupitia kwa Matonya: "Ruthu. Aliyekaa na mume kama huyo na nyumba ikasimama, ndugu hawatamshinda."

Akaivua. Akamvisha. Wanawake wakapiga vigelegele, Ruthu akaanguka magotini analia na kucheka pamoja. Mimi pia nililia, nikasema ni vumbi.

Lakini mama hakuwa amemaliza. Akamwita Matonya, akaongea naye kwa sauti ya chini, Matonya akaja mpaka nyuma ya zizi kunipa ujumbe, meno yote nje. Mama anasema reale hii haikai shingoni kama shanga. Anayeivaa ni mama. Kwa kuwa mimi sikujua kumheshimu mkwe aliye Kibaigwa, naletewa mkwe nyumbani Makole. Reale ikiwa shingoni mwa Ruthu, nisiitazame usoni, nisiisogelee, nikikutana nayo njiani nipishe. Nikivunja, Ruthu atarudi kwao nayo, na hapo hapatakuwa na kondoo wa kunitoa.

Nikauliza huwa inavuliwa lini. Matonya akanikumbusha kwamba haivuliwi.

Jumatatu, 9 Juni

Chai nimekunywa nikiutazama ukuta. Ruthu akipita koridoni, mimi naingia chooni. Jirani yetu Sidonia kauliza kama tumegombana. Ruthu akamwambia hapana, mama mkwe yuko ndani, na akacheka. Kicheko chake chote kimerudi! Wakaja watu wawili wa ukoo na kesi ya mbuzi aliyekula mchicha, akawakalisha sebuleni, akawasikiliza kwa utulivu, nikamsikia kutoka jikoni nikafurahi. Ni mke wa kujivunia. Kasema nikitaka kuongea naye kwa karibu atajifunga mtandio juu ya reale. Kasema pia, bila kucheka, kwamba safari hii mama hatanii na yeye hatanii. Begi lake dogo liko juu ya kabati, limefungwa, nimeliona. Nimemwambia mambo ya makovu nimeachana nayo kabisa, na lile grupu la wakusanyaji nimelifuta.

Grupu nimelifuta. Namba ya Abbasi ni kitu kingine.

Amepiga simu mchana. Ile picha hatimaye niliipata, nilimwomba Deusdedit anitumie, akanitumia na barua. Abbasi kaitazama kwa lenzi. Anasema bawa linaonekana, lakini upande mmoja si ushahidi. Mihuri ikigongana inaumizana yote miwili. Kama tai alimwachia mama bawa, lazima mama naye amwachie tai kitu: mstari wa pua, au ukingo wa ushungi, kati ya manyoya ya mkia. Kama kipo, yuko tayari kupanda basi leo leo.

Nimetafakari jambo hili kwa utulivu, kama mtu aliyekomaa. Nilichokatazwa ni kumtazama mkwe usoni. Uso wa reale ni upande wa mama mnene, hilo hata mtoto analijua. Tai ni mgongo. Mgongo wa mkwe mtu anauona kila siku, hakuna aliyewahi kutozwa kondoo kwa mgongo. Na Ruthu sasa hivi yuko uani anainama kufua, mtandio kautundika kwenye kamba, na reale ikining'inia mtu akiwa ameinama, inazunguka yenyewe.

Nitakwenda taratibu, na ndoo, kama ninayesaidia kusuuza. Nitafumba jicho moja kwa heshima ya mkwe. Lenzi ya fundi hata hivyo hutumia jicho moja tu.